Gari Inatetemeka Kwenye Lami: Tuanze Wapi?

Leo katika ukurasa wa ufundi tunaeleza ugonjwa ambao kila mtu aliyepanda Land Cruiser kutoka Kolwezi kwenda Likasi anaujua. Katika mji gari ni nzuri. Katika njia ya udongo inaruka-ruka, hakuna anayelalamika. Lakini ikishavuka daraja la Lualaba na lami ikiwa tupu mbele, shofere anakanyaga, 70, 80, na karibu ya 85 usukani unaanza kutikisika, kioo cha kutazama nyuma hakionyeshi kitu, na waliokaa nyuma wananyamaza. Akipita 100, mara nyingine inatulia. Ndiyo maana mashofere wengi wanatibu ugonjwa huu kwa kukimbia zaidi. Tutaona kama hiyo ni dawa.

Mwezi wa kumi na mbili gari ya shule ilirudi kutoka upande wa Mutshatsha, mvua tupu, matope mpaka milangoni. Mwezi uliofuata kwaya ilikuwa ikitazamiwa Likasi. Katika safari ya kujaribu, gari ikatetemeka. Sisi wa sehemu ya tekniki tulitoa hukumu palepale: rulema imekufa. Mwingine akasema amortiseri. Tukaipeleka garaji moja, magurudumu yakapimwa kwa mashini, vipande vya risasi vikagongwa kwenye janti, tukalipa. Siku mbili ilikuwa afadhali. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na kiisha mvua gari ikatetemeka kuliko mwanzo.

Ndipo tukamwita mzee fundi jirani yetu. Tulikuwa tayari na funguo mikononi. Akasema:

– Bana, mutulie kwanza, musifungue kitu. Inatetemesha mikono ao inatetemesha kiti?

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

– Basi ugonjwa hamuyajua bado. Muko na woga tu.

Alikaza kwanza buloni za magurudumu yote, moja moja, na kupapasa mipira kutafuta uvimbe. Kama buloni imelegea ao mpira umevimba, maulizo yanakwisha: gari haiendi mbali hata kidogo, sababu mpira wenye uvimbe unaweza kupasuka kwa mwendo huo na watu ndani. Yetu ilikuwa mizima. Basi akatupeleka barabarani, mmoja wetu akiwa na kalamu.

Ulizo la kwanza tumelisema. Kama mikono inatetemeka, tafuta mbele, sababu usukani umeunganishwa na magurudumu ya mbele. Kama ni kiti na sakafu, tafuta nyuma ao chini. Ulizo la pili: katika mwendo uleule, njia ikiwa nyoofu na hakuna lori la shaba nyuma yako, inua mguu kwenye mafuta. Mtetemo ukibaki, tazama magurudumu. Ukibadilika palepale, tazama kardani, yaani kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye ponti. Kama gari inatetemeka ikiwa imesimama na mashini inanguruma, ugonjwa ni wa mashini yenyewe. Ikitetemeka wakati wa kufunga fureni tu, tazama fureni.

Sasa hesabu kidogo, maana mwalimu wa fizikia anasoma ukurasa huu. Mpira wa gari yetu ukizunguka mara moja, unakwenda karibu metre 2,5. Kilometre 90 kwa saa ni metre 25 kwa sekunde. Basi gurudumu linazunguka mara 10 kila sekunde. Kardani, kwa kuwa ponti inapunguza mizunguko karibu mara nne, inazunguka mara 40. Mtetemo wa gurudumu unaweza karibu kuuhesabu kwa kidole. Mtetemo wa kardani ni mngurumo, kama nyuki chini ya sakafu. Shika tofauti hii, itatuokoa mbele kidogo.

Tuweke gramu 100 za uzito upande mmoja wa janti, sentimetre 20 kutoka katikati. Kwa kanuni F = m × ω² × r tunapata karibu newton 79, sawa na kuvutwa na uzito wa kilo 8, juu, chini, juu, chini, mara 10 kwa sekunde. Kwa kilometre 45 ni kilo 2 tu: mwendo nusu, nguvu robo. Ndiyo sababu katika mji hausikii kitu. Tena mhimili juu ya resori zake una mwendo wake wa kucheza, na gurudumu likizunguka karibu ya mwendo huo, mhimili unaitikia kwa nguvu. Ukipita hapo mwitikio unapungua, unafikiri umepona. Lakini nguvu inayopiga rulema na buloni inazidi kupanda. Hivyo ile dawa ya kukimbia ni uongo.

Mzee aliingiza mkono ndani ya janti, upande usioonekana. Udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Gari ikisimama na matope mabichi, yanateremka na kukauka chini, upande mmoja. Tulikwangua, tukapima kwenye mizani ya jikoni: gurudumu moja la mbele lilitoa gramu 430. Kwa 90 hizo ni karibu kilo 34! Na risasi zilizogongwa garaji zilikuwa zinasawazisha matope. Mvua ilipoondoa sehemu ya matope, risasi zikabaki peke yao na kazi ya kutikisa. Tulilipa feza kusawazisha udongo wa Mutshatsha. Kosa ni letu pia, tulipeleka gari chafu.

Kiisha kuosha na kupima tena, mikono ikatulia. Lakini sakafu ikabaki na nyuki. Tukainua mguu: nyuki walewale. Kwa ulizo la pili tungesema gurudumu tena. Lakini huu ulikuwa mngurumo, si wa mara 10. Mzee akatazama zile kufuli ndogo katikati ya magurudumu ya mbele: zilikuwa bado zimefungwa tangu kwenye matope. Basi magurudumu yalikuwa yanazungusha kardani ya mbele bure, bila mzigo, na ndiyo maana mguu haukubadilisha kitu. Akafungua kufuli, tukarudi barabarani. Kimya.

Mbele ya kuitoa alitia alama ya patasi pande zote mbili, sababu ikirudishwa vibaya pembe zake hazilingani na inatetemeka hata ikiwa mpya. Msalaba wake mmoja ulikuwa mkavu, unga wa kutu mahali pa grisi. Maji yalikuwa yameingia.

Kukwangua janti na kutia grisi misalaba ni kazi ya mwaka wa tatu, kila siku ya posho asubuhi, na kila mara gari ikitoka kwenye matope. Mizani ya jikoni irudishwe ikiwa safi.