Ndimu na Limau

Siku moja mama mmoja wa Panda, katika mji wa Likasi, alimtuma mtoto wake sokoni: «Mwanangu, uninunulie ndimu tano, nitie katika samaki.» Mtoto akarudi na matunda matano marefu kidogo, ya manjano, yenye ganda nene. Mama akasema: «Haya siyo. Mimi nilitaka yale madogo ya mviringo.» Mtoto akajibu: «Lakini mama, muuzaji ameniambia hizi ndizo ndimu.»

Muuzaji hakusema uongo. Watu wengi huyaita matunda yote mawili ndimu. Lakini watu wa Unguja huyatenga. Tunda dogo la mviringo, lenye ganda jembamba, ni ndimu, na mti wake ni mdimu. Tunda kubwa zaidi, lenye chuchu nchani, ni limau, na mti wake ni mlimau. Kifaransa cha shuleni nacho chaweza kumpoteza mtu: limau ni citron, na ndimu ni citron vert, yaani limau la kijani. Kumbe limau bichi nalo ni la kijani, na ndimu ikiachwa mtini mpaka iive kabisa hugeuka manjano! Basi mnunuzi aangalie umbo na ganda, asiiamini rangi.

Kwa samaki kosa hilo ni dogo. Baharini lilikuwa kubwa.

Zamani mabaharia wa Ulaya walikaa miezi mingi bila matunda wala mboga, wakashikwa na kiseyeye. Ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na mwisho mgonjwa hufa. Mwaka 1747 mganga James Lind, katika meli Salisbury, alitwaa wagonjwa 12 akawapa dawa za namna sita, wawili wawili. Wale wawili waliokula machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote. Tangu 1795 manowari za Uingereza ziligawiwa maji ya limau, na kiseyeye kikapungua sana.

Katika miaka ya 1860 wakubwa wa manowari walianza kununua maji ya ndimu kutoka visiwa vya West Indies. Waingereza nao walikuwa wakiyachanganya majina, lemon na lime, hata wengi wasione kwamba dawa imebadilika. Lakini ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limau. Tena maji yake yakiwekwa siku nyingi, au yakigusa shaba, ile shaba inayojulikana sana Likasi, nguvu yake hupotea.

Mwaka 1875 jemadari George Nares alielekea Ncha ya Kaskazini na meli mbili, Alert na Discovery. Walichukua maji ya ndimu. Hata hivyo kiseyeye kiliwaangusha wengi wa wale waliokokota mizigo juu ya barafu, na wengine walikufa. Mwaka 1876 msafara ukarudi. Baraza la uchunguzi lililaumu kwamba wakokotaji hawakupewa maji ya ndimu njiani. Ndipo mwaka 1918, huko London, Harriette Chick na wenzake walipoyapima matunda yote mawili kwa kuwalisha wanyama, wakaona ndimu ni dhaifu sana mbele ya limau.

Yule mama wa Panda aliyakamua malimau yake juu ya samaki, wakala.

Maulizo. Kwa nini rangi haitoshi kuitambua ndimu? Nyumbani kwenu tunda lipi huitwa ndimu? Lete moja shuleni, ulipasue, ulinganishe ganda lake na la mwenzako.