Picha ya Kifua na Maradhi Yanayofichana Mapafuni

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akiisha kupigwa picha ya kifua, basi ugonjwa wake umekwisha kujulikana. Sivyo. Picha huonyesha mahali palipoharibika katika pafu na ukubwa wa uharibifu huo, lakini haitaji jina la kijidudu kilicholeta madhara. Tena yawezekana maradhi mawili yakae kifuani kwa wakati mmoja, na moja likaficha jingine. Yafaa kila mtu alifahamu jambo hili, kwa maana kutolifahamu kumewapotezea wengi afya na mali.

Jinsi Picha Inavyofanyika

Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwezi wa Novemba mwaka 1895 na Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Kijerumani. Mionzi hiyo hupenya mwilini. Penye hewa hupita kwa urahisi, na hapo picha huwa nyeusi. Penye mfupa huzuiwa, na hapo huwa nyeupe. Mapafu yenye afya yamejaa hewa, kwa hiyo huonekana meusi. Yakiingiwa na usaha au maji, hutokea doa jeupe, nalo madaktari huliita kivuli. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo, kadiri ya ile impatayo kila mtu kutoka ardhini na angani kwa muda wa siku kumi hivi.

Kivuli Kimoja, Sababu Nyingi

Umbo la kivuli na mahali pake humpa daktari fununu. Kifua kikuu cha watu wazima mara nyingi hushika sehemu ya juu ya pafu na kutoboa mashimo. Nimonia ya kawaida mara nyingi hujaza sehemu moja ya pafu. Nimonia iletwayo na kuvu, ambayo huwapata hasa wenye virusi vya UKIMWI waliopungukiwa sana na kinga, hutanda pande zote mbili kama ukungu wa asubuhi. UVIKO, uliothibitishwa Kenya mara ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 2020, nao waweza kutanda vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, kwa mwenye virusi vya UKIMWI kifua kikuu chaweza kukaa sehemu ya chini ya pafu, au picha ikaonekana safi ingawa ugonjwa umo. Basi fununu si ushahidi.

Chukua mfano wa mtu akaaye Kiganjo, mjini Thika. Apata homa na kichomi, naye aenda katika Hospitali ya Level 5 ya Thika. Picha yaonyesha kivuli upande wa kulia. Apewa dawa za nimonia. Baada ya siku tano homa yapungua, naye arudi kazini. Lakini kikohozi chabaki, jasho la usiku laanza, na mwili wakonda. Huenda nimonia ilikuwapo kweli, na kifua kikuu kilikuwapo pamoja nayo. Tena ziko dawa za nimonia ambazo hukituliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya. Mtu huyo asiporudi kwa daktari, mkewe na watoto walalao naye chumba kimoja watakuwa hatarini.

Liko na kosa la upande wa pili. Mtu aliyepona kifua kikuu zamani aanza kukohoa damu, na picha yaonyesha shimo la kale. Watu husema ugonjwa umemrudia. Pengine ndivyo, lakini pengine ni kuvu wa namna nyingine aliyeota ndani ya shimo lile, ambaye dawa za kifua kikuu hazimwezi.

Ushahidi wa Makohozi

Kwa hiyo picha na makohozi huenda pamoja. Mashine iitwayo GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutambua vijidudu vya kifua kikuu kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kuvu wa shimoni hutafutwa kwa kupima damu.

Hata hivyo picha isidharauliwe. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016, watu zaidi ya 60,000 walihojiwa na kupigwa picha. Wengi waliokutwa na kifua kikuu hawakuwa na kikohozi cha majuma mawili. Ni picha iliyofanya makohozi yao yapimwe. Tangu mwaka 2021 Shirika hilo limekubali pia programu za kompyuta zisome picha za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini hizo nazo hutoa shaka tu, si hukumu.

Wajibu wa Mgonjwa

Mgonjwa na aitunze picha yake ya zamani, aipeleke hospitalini ilinganishwe na mpya. Atoe makohozi ya kifuani, si mate ya kinywani. Aeleze maradhi aliyougua zamani, asifiche. Kikohozi kikibaki baada ya kumaliza dawa, arudi upesi. Akionekana ana kifua kikuu cha kawaida, atumie dawa miezi sita bila kukatiza. Dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali.