Chora Video Kabla ya Kukodi Kamera



Siku hizi vikundi vingi vina wanafunzi wanaotaka kutengeneza video ya wimbo wao wakati wa likizo. Wazazi wanachanga, kamera inakodiwa siku moja, vijana wanavaa vizuri. Halafu mabishano yanaanza: tuanzie kisimani au shambani? Nani asimame mbele? Jua linazama, pesa zimekwisha, na ubeti wa tatu hauna picha hata moja.

Dawa yake ni karatasi na penseli. Miaka ya 1930, studio ya Walt Disney kule Marekani ilikuwa ikibandika michoro ukutani kwa mfuatano, kama katuni za gazeti, ili wote waione hadithi kabla ya kazi kubwa kuanza. Mpangilio huo huitwa storibodi. Michoro hiyo ikiunganishwa na sauti, kila mmoja ukikaa kwa muda wake, huitwa animatiki.

Hebu tufuate hatua hizi:

1. Sikilizeni wimbo mkiwa na saa. Andikeni kila ubeti na kiitikio kinaanza sekunde ya ngapi. Wimbo wa dakika 3 una sekunde 180. Kila picha ikikaa sekunde 5, mtahitaji michoro 36.

2. Choreni kila picha kwenye karatasi yake. Si lazima mjue kuchora: kichwa cha duara na mistari mitano ni mtu tayari. Ionekane ni nani, yuko wapi, na kama kamera iko karibu au mbali. Chini andikeni namba, sekunde na maneno yanayoimbwa.

3. Bandikeni ukutani, watu wote watazame. Kuhamisha karatasi hakuna gharama.

4. Pigeni michoro picha kwa simu, mziweke pamoja na wimbo kwenye programu ya kuhariri video. Kama simu ya kufaa haipo, mmoja aweke wimbo, mwingine afunue karatasi kwa kufuata saa.

5. Tazameni mpaka mwisho bila kusimamisha. Picha inayochosha ipunguzwe muda. Inayopita kabla haijaeleweka iongezwe. Pasipo na mchoro patajulikana papo hapo.

Sasa pangeni siku ya kamera kufuata mahali, si kufuata wimbo. Kama picha ya 2, ya 9 na ya 30 zote ni za kisimani, zipigwe kwa safari moja. Hapo ndipo mchango wa wazazi unapookolewa.

Jambo moja zaidi: kama wimbo si wenu, ombeni ruhusa ya mwenyewe kwanza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

- Hesabuni michoro yenu. Wasichana wako katika mingapi, na wanafanya nini? Je, wao ni wa kuchota maji tu?
- Mtu asiyeujua wimbo akitazama michoro bila sauti, ataelewa nini?
- Ni kazi gani nyingine ya kikundi tulianza kuilipia kabla hatujaiona kwenye karatasi?

Mkishakubaliana ukutani, basi mwiteni mwenye kamera.