Dondoo muhimu: Mbwa wa uokoaji wakiitwa mlimani

Uskoti, ambako Hamish MacInnes alianzisha chama cha mbwa wa utafutaji na uokoaji mwaka 1965, kazi hii hufanywa na watu wa kujitolea. Ndugu yako akipotea, wasaidie hivi:

• Piga 999 mapema. Omba polisi, kisha waokoaji wa milimani.

• Msikanyagekanyage mahali alipoonekana mara ya mwisho.

• Foronya yake, ambayo mbwa atanusa harufu yake, isifuliwe wala kushikwashikwa. Vaa mfuko safi mkononi, ikamate, geuza mfuko, funga.

• Mbwa akipita, usimwite wala kumlisha. Yuko kazini.

• Umepotea wewe? Tulia hapo. Mbwa hunusa harufu yako inayoletwa na upepo, hata gizani. Akikupata, humrudia mtu anayemwongoza na kubweka, kisha humleta kwako.