Ziwa Katavi: Ziwa Lijalo na Kuondoka

Watu wengi wa Mpanda wamepita ndani ya Hifadhi ya Katavi, maana barabara ya kwenda Sumbawanga yaikata katikati, lakini walioshuka kulitazama ziwa lenyewe ni wachache. Wageni wa Ulaya na Marekani hupanda ndege ndogo na kutoa fedha nyingi ili wafike huko. Sisi tulio karibu twapita tumefunga madirisha kwa kuwaogopa ndorobo. Nataka kueleza ziwa hili ni la namna gani, lafaa kutazamwa wakati gani, na kwa nini habari za maji yake huanzia huku kwetu kabla hayajafika huko.

Nianze na jina. Mkoa wetu uliundwa mwaka 2012 ukaitwa kwa jina la hifadhi. Hifadhi ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974 nayo ikaitwa kwa jina la ziwa. Na ziwa, wasimuliavyo wazee wa Kibende, ni la Katabi, mwindaji mashuhuri wa zamani, ambaye mzimu wake wakaa katika mkwaju karibu na maji. Hata siku hizi wako waendao kuweka sadaka chini ya mti huo. Basi kila tuandikapo jina la mkoa juu ya bahasha twamtaja mwindaji yule, ingawa wengi wetu hatujui.

Sasa ziwa. Mwanafunzi aliyesoma juu ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, akienda Katavi mwezi wa Septemba atauliza, "Ziwa liko wapi?" Mbele yake ataona mbuga ya nyasi, nyati wakilisha kwa mamia, pundamilia na nyamera kando yao, na hapa na pale tope jeusi. Huko ndiko ziwani. Katavi, na mwenzake Chada aliye upande wa kusini, ni mabonde tambarare yanayojazwa na Mto Katuma wakati wa masika. Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili. Mto hufurika, mabonde hujaa, ndege wa majini huja kwa wingi, na njia za gari hazipitiki kwa ajili ya ule udongo mweusi unaonata. Mvua zikiisha maji hutelemka kuelekea Ziwa Rukwa, mengine huliwa na jua, na nyasi huota palipokuwa na maji. Kwa hiyo atakaye kuona ndege na maji na aende mvua zinapokwisha, na atakaye kuona wanyama wengi pamoja na aende kati ya Agosti na Oktoba. Mimi ningechagua Oktoba, joto lijapokuwa kali, kwa sababu ya viboko.

Kiboko ni mnyama wa ajabu kuliko tumdhaniavyo. Uzito wake ni kama kilo 1,500, na dume kubwa laweza kupita kilo 3,000, lakini chakula chake ni majani tu, yapata kilo 40 kwa usiku mmoja. Mchana kutwa hukaa majini. Hafanyi hivyo kwa uvivu, ila ngozi yake haivumilii jua: ikikauka hupasuka. Hutokwa na majimaji mekundu ambayo watu huyaita jasho la damu, ingawa si jasho wala si damu, nayo humkinga kidogo na jua na vijidudu. Lakini kinga hiyo haitoshi pasipo maji au tope. Tena kiboko haogelei sawasawa, bali hutembea na kurukaruka chini ya maji, akitokeza pua kila baada ya dakika chache.

Basi fikiri maji ya Katuma yanapopungua. Viboko waliotawanyika katika mto mzima hukusanyika katika madimbwi machache, mamia mahali pamoja, wamelaliana kama magunia ghalani. Madume hupigana usiku na mchana. Mamba nao huingia katika mapango ya kingo za mto na kulala humo wakingoja mvua. Ukisimama penye daraja la Sitalike, kama kilomita 35 kutoka Mpanda mjini, waweza kuwaona viboko hao hata bila kwenda mbali. Harufu utaipata kwanza.

Wageni hupiga picha wakafurahi. Lakini msongamano huo si jambo la kufurahia sana. Kukauka kwa mto wakati wa kiangazi ni desturi ya nchi hii tangu zamani. Ila katika miaka ya karibuni maji yamekuwa yakipungua mapema zaidi na kukaa muda mrefu bila kurudi, na wataalamu waliouchunguza mto wametaja sababu kubwa kuwa iko juu ya hifadhi: vizuizi na mifereji ya kumwagilia mashamba, na miti iliyokatwa katika vilima yanakotoka maji.

Hapo ndipo habari inapotugusa. Katuma kabla ya kufika kwa viboko hupita penye mashamba ya mpunga, kama yale ya Mwamkulu na Kakese. Wengi wetu tumelipiwa vitabu na sare kwa mpunga. Sitaki msomaji adhani kwamba nasema mkulima ni adui wa kiboko. Mkulima ana watoto, na wali hauoti juu ya mawe. Neno langu ni hili: kuna tofauti kati ya kuchota maji na kuufunga mto. Mfereji wenye mlango unaofungwa shamba likishanywa, na unaorudisha masazo mtoni, hauui mto. Tuta la magunia ya mchanga lililowekwa katikati ya mto mwezi wa Julai lamnyima maji mkulima wa chini kabla halijamnyima kiboko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka shughuli za watu zikae mita 60 mbali na ukingo, lakini nenda ukahesabu hatua mwenyewe.

Mfano tunao wa kutosha. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima katika Hifadhi ya Ruaha, ulisimama kiangazi kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikauka kwa majuma au miezi. Nako juu ya mto, katika bonde la Usangu, kulikuwa na mpunga na mifugo. Kuuharibu mto ule kulichukua miaka michache; kuurudisha kumeshinda serikali na wataalamu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sisi wa Misunkumilo hatuna haja ya kwenda hata Sitalike ili tujifunze, kwa kuwa bwawa la Milala liko katika kata yetu, na viboko wameonekana humo. Ni mahali pa utulivu, upepo ni mzuri, na jioni hupendeza. Lakini msiketi ukingoni jua likichwa, maana huo ndio wakati kiboko atokapo kwenda malishoni, naye akikukuta kati yake na maji hatakuuliza jina. Huko hifadhini vilevile haifai kushuka garini pasipo ruhusa, wala kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha.

Ndorobo nao wapo, nao huweza kuleta malale. Vaeni nguo za rangi hafifu, kwani buluu na nyeusi huwavuta sana.

Atakayekwenda mwaka huu na achukue daftari. Penye nguzo za daraja la Sitalike pana alama za maji ya masika. Apime kwa macho maji yameshuka kiasi gani chini ya alama hizo, ahesabu vichwa vya viboko mara tatu kwa kuwa huzama na kuibuka, aandike tarehe, na ampe mwalimu wa jiografia. Mwaka ujao mwingine aende tarehe ile ile.