SOMO LA AFYA: Usitoke kwa daktari wa saratani kabla hujaelewa

"Umeelewa, mama?" daktari anauliza.

"Ndiyo, daktari," mgonjwa anajibu, anachukua faili lake na kutoka. Akifika kwenye benchi nje anamwuliza bintiye, "Kwani amesema nini?" Binti naye hajui, kwa sababu alibaki nje.

Hali hii si ngeni hospitalini. Kwa mgonjwa wa saratani, "ndiyo" ya heshima inaweza kuleta hasara kubwa: kipimo kuchelewa, dawa kuachwa katikati, au dalili ya hatari kupuuzwa nyumbani.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 kinamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, pamoja na faida, hatari na gharama zake. Mgonjwa pia ana haki ya kukataa matibabu, na kuelezwa matokeo ya kukataa. Sheria hiyo inasema maelezo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hivyo, ukisema "Daktari, sijaelewa, nieleze tena," humkosei adabu. Unadai haki yako.

Maneno yanayochanganya

Biopsi ni kutoa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe ili kipimwe maabara. Mara nyingi ndicho kipimo kinachothibitisha kama ni saratani na ni ya aina gani. Wengine hukikimbia wakiamini kwamba kisu kikigusa uvimbe, ugonjwa husambaa. Hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kukaa bila kujua unaugua nini. Kama una hofu, mwambie daktari, usipotee kimya.

Majibu "chanya" si habari njema. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikitafutwa kimepatikana. "Hasi" ni kwamba hakikuonekana.

Hatua ya 1 hadi ya 4 hueleza ugonjwa umeenea kiasi gani. Katika hatua ya 4 umefika sehemu za mbali mwilini. Hata hapo, daktari huwa na la kufanya, kama vile kupunguza makali ya ugonjwa na kutuliza maumivu. Tiba shufaa ndiyo huduma ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa na jamaa zake. Inaweza kutolewa sambamba na matibabu mengine, kwa hivyo kupelekwa huko hakumaanishi umekatiwa tamaa.

Usimfiche daktari

Sema kama unatumia dawa za kienyeji. Baadhi yake huingiliana na dawa za hospitali au kuumiza ini. Sema pia kama umekwama kwa nauli au malipo ya SHA. Ukinyamaza, daktari ataona tu kwamba hukuja kliniki, na hatajua sababu.

Ukiwa kwenye tibakemikali, kinga ya mwili inaweza kushuka sana. Homa wakati huo ni dharura. Usimeze tu dawa ya maumivu ukasubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, na useme unatibiwa saratani.

Kwa jamaa

"Daktari, usimwambie mzee, atakufa kwa hofu." Ombi hili hutoka kwenye mapenzi, lakini ugonjwa ni wake, na taarifa ni yake. Mzee asiyejua anachotibiwa atakubalije dawa inayomtapisha? Njia bora ni mgonjwa mwenyewe aulizwe: angependa kujua kiasi gani, na nani awepo akielezwa? Asiyetaka kusikia yote naye aheshimiwe.

Kwa wahudumu wetu

Swali la "Umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" hata na asiyeelewa. Uliza hivi: "Ukifika nyumbani, utawaelezaje?" Jibu lake litakuonyesha palipobaki. Na habari nzito isitolewe kwenye korido mbele ya watu. Keti, zima simu, mpe mgonjwa nafasi ya kunyamaza au kulia kabla ya kuendelea.

Kata kipande hiki, uende nacho kliniki

Nenda na mtu unayemwamini na kalamu. Uliza:

1. Ninaugua nini hasa, na ugonjwa umefika wapi?
2. Kuna matibabu gani? Lengo ni kuponya au kupunguza makali?
3. Nitarajie madhara gani, na lipi likitokea nije haraka?
4. Gharama ni ngapi, na SHA italipa zipi?
5. Nirudi lini, na nikipata shida nimpigie nani?

Kabla ya kuinuka, rudia kwa maneno yako: "Daktari, nimeelewa hivi. Je, ni sawa?" Kama si sawa, keti tena. Kuuliza si ujinga.