Kumfundisha Kijana Kujidunga Insulini Kabla ya Kwenda Bweni

Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza anapoitwa shule ya bweni, swali la mzazi huwa moja: nani atamdunga sindano asubuhi kabla ya chai? Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hivyo hakuna siku ya kuruka. Leonard Thompson wa Toronto, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini, Januari 1922, alikuwa na miaka 14, umri wa hawa tunaowazungumzia.

Anzeni wakati wa likizo. Siku za kwanza kijana avute maji kwa sindano ya mazoezi na kudunga chungwa, akisoma yuniti kwa sauti. Makosa mengi huanzia hapa: sindano ya insulini ina alama za yuniti, na ile ya kawaida ya mililita haifai kuchukua nafasi yake.

Akiwa tayari, anawe mikono. Insulini yenye rangi ya maziwa huviringishwa taratibu viganjani, haitikiswi. Avute hewa kiasi cha dozi, aisukume ndani ya kichupa, akipindue, avute dozi na kuondoa mapovu. Abane ngozi ya paja, au ya tumbo vidole viwili kutoka kitovuni, adunge, ahesabu hadi 10 ndipo achomoe. Kila mara abadilishe mahali. Kudunga pale pale huleta uvimbe chini ya ngozi na dawa haifyonzwi vizuri.

Mkono ukishazoea, mzazi, usijiondoe. Endelea kutazama vipimo. Wapo wanaojua kujidunga vizuri lakini huruka dozi kwa kuona haya mbele ya wenzao. Usigombe, ulizia shuleni faragha ataipata wapi.

Matroni na mwalimu wa darasa wajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Akiwa na fahamu, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizirai, asinyweshwe chochote. Apelekwe hospitali mara moja.

Pasipo friji, kichupa kinachotumika kifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kiwekwe katika chungu chenye maji kivulini, na kibadilishwe baada ya wiki nne hivi. Sindano zilizotumika ziingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, zirudishwe kituo cha afya.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mpeleke kliniki ajidunge mbele ya muuguzi. Dozi hupangwa huko, isibadilishwe nyumbani.